Saa Sita ya Saa Tano

Hapa Brno kengele ya kanisa kuu
hupiga saa sita ikiwa saa tano.
Wenyeji husimulia: adui aliyeuzingira mji
aliapa kuondoka adhuhuri akishindwa,
mpiga kengele akaivuta adhuhuri karibu.
Sijui kama ni kweli. Ilipolia leo
nilikuwa ofisini tangu jana,
soksi zangu juu ya kipasha joto,
na kwenye skrini maneno yaleyale:
huenda makufuli haya yakazungukana.

Huenda.
Hakuna kilichoganda. Faili zinaandikika,
mashine ya majaribio inakoroma chini ya meza
kama paka aliyeshiba.
Mlinzi ndani ya kiini ameona nyayo tu:
uzi mmoja ulifunga faili, kisha daftari;
uzi mwingine, saa nyingine,
ulishika daftari, ukanyoosha mkono kwenye faili.
Hazijawahi kukutana.
Siku zikikutana, asema mlinzi,
kila mmoja atashika anachokitaka mwenzake
na kungoja kwa heshima hadi umeme ukatike.

"Lizime hilo onyo, Miluše,"
alisema Bořivoj, makombo ya mkate ndevuni.
"Miaka sita, hakuna aliyelalamika."
Usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa,
lakini hapa ufa haukuwepo.
Palikuwa na mchoro wa ufa.

Nikamkumbuka Bwana Šebesta, msimamizi wa jengo letu,
aliyetundika ufunguo wa stoo ndani ya chumba cha kufulia
na ufunguo wa chumba cha kufulia ndani ya stoo.
Siku hiyo milango yote miwili ilikuwa wazi,
akaona ni mpango mzuri.
Upepo ukafunga mmoja.
Mpangaji mwenye adabu akafunga wa pili.
Wiki mbili tulifua mashuka bafuni.

Ripoti kama hii husomwa toka chini kwenda juu,
kama mtu apandaye ngazi zilizolowa
akimtafuta aliyemwaga maji.
Ghorofa ya kwanza: faili, haina kosa.
Ya pili: daftari, halina kosa.
Ya tatu nilipita mara nne bila kuiona.
Humo, daftari likiwa limeshikwa,
msimbo unaomba kumbukumbu kidogo,
baiti mia mbili na hamsini na sita,
ombi la kimaskini.
Na kumbukumbu ikiadimika, kiini hutoka na ufagio,
hugonga mlango kwa mlango, "Toeni msichokitumia,"
mpaka mlango wa faili ileile
ambayo mwenyewe ndani anangoja daftari.

Nikauliza mstari: nani alikuandika?
Jina langu.
Jumamosi ya Novemba, na maelezo: marekebisho madogo.
Jumamosi hiyo naijua.
Kiti cha plastiki, hospitali ya Bohunice,
kompyuta mapajani, baba nyuma ya pazia.
Mimi nikimngoja daktari,
daktari akingoja vipimo,
vipimo vikingoja Jumatatu.

Kiraka ni mistari mitatu.
Omba kwanza, ndipo ufunge.
Sikuandika zaidi ya hayo kwenye maelezo,
ingawa safari hii sikuyaita madogo.
Nikainyima mashine kumbukumbu kwa saa nne,
nikaifinya hadi feni ikalia;
mlinzi hakusema neno.
Bořivoj akasoma, akakuna ndevu,
akarudi juu, akasoma tena.
"Ingetokea kweli," akasema,
si kwangu, kwa skrini.

Mahali fulani, usiku fulani,
seva haitaganda,
na hakuna atakayeamka kunishukuru,
kwa kuwa hakuna atakayeamshwa.

Nikaenda kwenye kipasha joto.
Soksi moja ilikuwa imekauka.
Nikazivaa zote mbili.